Barua Iliyo Wazi

Jumatano

Soma Nehemia 6:1–9. Barua ya tano ya Sanbalati ilitofautianaje na zile nne za kwanza? Nehemia aliijibu kwa sentensi ngapi?

Mara nne Sanbalati na Geshemu walimwita Nehemia wakutane naye katika bonde la Ono, na mara nne akajibu kwamba ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Mara ya tano mtumishi alikuja na barua iliyo wazi mkononi. Barua ya mkubwa kwa mkubwa ilizoeleka kukunjwa na kutiwa muhuri. Hii iliachwa wazi ili kila atakayeishika njiani aisome. Iliandikwa kwa Nehemia, lakini walengwa wake walikuwa watu wengine kabisa. Tazama na ushahidi wake: habari zimeenea kati ya mataifa, na Gashmu naye asema. Ndiyo ile “nimetumiwa kama ilivyo” ya siku zetu.

Maoni tunayoyaandika Facebook, au katika kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, ni barua iliyo wazi. Unadhani unamjibu mtu mmoja. Wanaosoma ni mzazi wa mwanafunzi wako, mgonjwa utakayemhudumia kesho, jirani Mwislamu anayekuheshimu, na mkubwa wa kazi atakayekaa kwenye usaili wako. Kitufe cha kufuta kipo, lakini picha ya skrini huwa imekwisha kupigwa. Na ukiwa umejiandika “mwalimu” au “mzee wa kanisa” karibu na picha yako, basi hata tusi lako kwa shabiki wa Yanga limesemwa na mwalimu na mzee wa kanisa. (Ulikuwa unafanya nini kwenye mpira saa kumi ya Sabato ni somo la wiki nyingine.)

Wako wanaofundisha kwamba Mkristo anyamaze mtandaoni. Sikubaliani nao. Nehemia alikuwa mtawala wa Yuda, na angenyamaza, uvumi wa uasi ungefika kwa mfalme Artashasta bila kupingwa. Alijibu, lakini kwa sentensi moja tu: mambo hayo hayapo, umeyabuni moyoni mwako. Hakuanza kumwaga habari za Tobia, ingawa alijua alivyoingia kwa ndoa katika nyumba ya Shekania na jinsi barua zilivyopishana kati yake na wakuu wa Yuda (fungu la 17–19). Aliomba, akarudi ukutani. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Soma Waamuzi 8:1–3 na 12:1–6. Ni kabila lile lile, Efraimu, lenye lalamiko lile lile: kwa nini hukutuita vitani? Gideoni aliwajibu kwa kuwapa heshima, na hasira yao ikatulia. Yeftha aliwajibu kwa kujitetea: niliwaita, hamkuniokoa. Yawezekana kabisa alikuwa anasema kweli, tena wao ndio waliotangulia kutishia kuichoma nyumba yake. Lakini maneno yaliendelea, matusi ya kikabila yakaingia, na waliokufa katika Efraimu walikuwa 42,000. Tusikimbilie kusema ukweli unatosha kuwa kinga. Jibu la Yeftha halikuwa na kosa la habari hata moja tunaloweza kulionyesha.

Hapa ndipo wengi wetu tulio na taaluma tunapoteleza. Tuseme mama ameandika kwamba alipokwenda kujifungua alitukanwa. Muuguzi Mwadventista wa hospitali hiyo anaumia, maana anajua zamu ile ilikuwa na wauguzi wawili tu. Anaandika: “Ulichelewa mwenyewe, na kliniki hukuwa unahudhuria.” Yote kweli. Lakini amekwisha toa siri ya mgonjwa mbele ya watu, ameisemea hospitali bila kutumwa, na wajawazito wote wanaosoma wamejifunza kwamba kadi zao hutangazwa. Kesho mmoja wao ataogopa kuja, naye ataamua kujifungulia nyumbani.

Angeweza kuandika: “Pole sana, mama. Mimi ni muuguzi hapa, ila sikuwa zamu siku hiyo na siisemei hospitali. Habari za matibabu yako tusizijadili hapa mbele ya watu. Tafadhali mwone muuguzi mkuu. Mimi nitakusindikiza ukitaka.” Amesema yeye ni nani, anamsemea nani na hamsemei nani, na asilolijua hakujifanya analijua. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote. Amri ya tisa (Kutoka 20:16) inamhusu pia shahidi ambaye hakuwepo.

Wengine huona njia rahisi ni kufungua akaunti yenye jina la bandia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hapa Tanzania haiishii kwenye jina lililoandikwa kwenye akaunti. Lakini hata pasingekuwa na sheria, 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kujibu kwa upole na hofu kila atakayetuuliza. Ataulizwaje mtu asiye na jina?

Kwa majadiliano darasani:

Soma Mithali 26:4, kisha fungu la 5. Mafungu haya yaliwekwa pamoja yakionekana kupingana. Utajuaje lipi ni la leo?

Katika kazi yako, ni habari gani za kweli usizo na ruhusa ya kuzisema hadharani, hata ukisingiziwa?

Mtu ameandika vibaya mtandaoni juu ya kanisa lenu mahalia, akitaja fedha za ujenzi, na nusu ya anayosema ni kweli. Nani ajibu, kwa jina gani? Na ile nusu ya kweli mtaifanyia nini kabla ya kuandika chochote?