Kuvua na Kujivua

Mwezi wa Septemba, alfajiri, kwenye fukwe za changarawe za Puget Sound katika jimbo la Washington, utamkuta mtu amesimama baharini hadi mapajani, akirusha mshipi. Mwisho wa mshipi ule pana ndoano iliyofungwa manyoya. Wenyewe huiita nzi, ingawa nzi huyo amefanywa afanane na kisamaki. Anamtafuta samoni aina ya koho, anayepita karibu na nchi kavu akirudi kwenye kijito alichozaliwa. Anaweza kurusha asubuhi nzima asiguswe, na akimpata samaki, mara nyingi humrudisha majini. Basi anavua nini?

Jibu jepesi ni kwamba anajifurahisha, na kwamba hiyo ni anasa, yaani jambo ambalo mtu angeliacha bila kupungukiwa. Jibu hilo halinitoshi. Mtu haendi kutetemeka majini kwa saa nne kwa ajili ya kitu kisichomgusa.

Lugha yetu inanionyesha njia nyingine. Husema kuvua samaki, husema pia kuvua nguo, na kumvua mtu madaraka. Hata kama ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, yanaeleza vizuri hali ya mtu yule, kwa sababu kabla hajavua amejivua. Hana wavu, hana mashua, hana chambo chenye harufu. Hata kijino cha ndoano kimeondolewa, maana sheria ya huko inataka hivyo. Kila alichokiacha kingemrahisishia kupata. Nitaita maana ya tendo kile kinachosalia faida yake ikishaondolewa. Kwa mvuvi anayelisha watoto, maana na faida zimesukwa kamba moja, wala hakuna haja ya kuzitenganisha. Kwa huyu faida imeondoka, kikasalia kitu kimoja: kuangalia. Anasoma mkondo, anaona visamaki vikitawanyika ghafla, anajua nani yuko chini yao.

Na koho naye yumo katika kujivua. Maisha yake kwa kawaida ni miaka mitatu, karibu nusu yake baharini. Hapo ufukweni bado anakula. Akishaingia kijitoni ataacha kula, rangi ya fedha itageuka wekundu, taya litapinda, atazaa, kisha atakufa. Kwa hiyo yule mtu anamtegea manyoya kiumbe aliyebakiwa na milo michache. Je, ni haki kumhadaa? Nimelipima swali hili mara nyingi na sioni namna ya kulikwepa: kuangalia huku kuna bei, na anayelipa ni samaki.

Wako pia watu ambao neno anasa halikuwahusu kamwe. Billy Frank Jr., wa kabila la Nisqually, wenyeji wa asili wa huko, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14, na baadaye zaidi ya mara 50, kwa sababu ya kuvua samoni ambao mkataba wa mwaka 1854 uliwahakikishia watu wake. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba makabila yenye mikataba yana haki ya kupata hadi nusu ya samoni wanaoruhusiwa kuvuliwa. Watu hao hawakujivua kitu. Wao ndio waliovuliwa. Anayesimama ufukweni leo na nzi wake wa manyoya anapaswa kujua kwamba uwezo wa kuvua bila haja ni uwezo wa aliyeshiba.

Hata hivyo simhukumu. Mtazame anapomshika koho. Anatafuta pezi dogo lililo mgongoni karibu na mkia. Wengi wa samaki waliolelewa kwenye vituo vya kuzalishia hukatwa pezi hilo wangali wachanga. Mwenye pezi ni wa porini, na katika maeneo mengi ya huko lazima aachiliwe. Anamshika ndani ya maji, anamwachia mkono taratibu. Huo ni upole wa kweli.

Kisha anapanda gari kurudi nyumbani. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwa nini koho walikuwa wakifa kwenye vijito vya mijini kabla ya kuzaa: kemikali inayowekwa katika matairi, 6PPD, ikikutana na hewa hugeuka sumu, na vumbi la matairi huisambaza barabarani. Hapo ndipo ninapoona kujivua kwake hakujatimia, na kwetu sote tunaoendesha magari ni hivyo hivyo.

Koho husubiri mvua za vuli ziinue maji ndipo wapande vijitoni. Mvua hizo hizo ndizo zinazoosha barabara.