Usikimbilie Weber, Mwanangu

Nawaona vijana wengi siku hizi wakirudisha barabarani zile Volkswagen Beetle ambazo baba zao waliziacha uani zikaota nyasi, na moyo wangu unafurahi kwelikweli. Wanazipiga rangi, wanashona viti upya, na asubuhi wanaingia nazo kwenye jamu ya Waiyaki Way kama watu wengine wanaokwenda kazini. Lakini tukikaa kuzungumza, swali ni lile lile: "Mzee, nifunge Weber gani?" Hawaulizi kama wafunge au wasifunge. Hilo wameshaliamua, kwa sababu wameona picha ya injini yenye kabureta mbili zinazong'aa, moja kila upande. Basi nasema mapema, kabla pesa haijatoka mfukoni: kwa gari la kila siku, lenye injini kama ilivyotoka kiwandani, kabureta inayokufaa ni ile ile Solex moja, mradi iwe nzima. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwanza ujue una injini gani. Haina rejeta wala maji. Inapozwa na upepo wa feni, na oili yake ni lita 2.5 tu. Petroli nayo ina sehemu yake katika kupoza, maana inapoingia kwenye silinda na kugeuka mvuke hubeba joto. Kabureta ikitoa hewa nyingi na mafuta machache, injini ya maji huenda ikavumilia, kwa sababu rejeta italipokea lile joto la ziada. Hii ya kwako haina pa kulipeleka. Valvu ya ekzosi ndiyo huungua kwanza, na mara nyingi ni ya silinda namba 3, hasa kwenye injini za kabla ya 1971, ambako kipoza oili kilikaa ndani ya bati la feni kikizuia upepo wa silinda hiyo. Kwa hiyo unapochagua kabureta ya gari hili, usianze kwa kuuliza itaongeza nguvu kiasi gani. Uliza kama itazipa silinda zote nne mafuta ya kutosha, leo, kesho na mwaka ujao, gari likiwa mikononi mwa mtu asiyekuwa na muda wa kushika bisibisi kila Jumamosi.

Weber 40 IDF ni kabureta nzuri sana, sisemi vinginevyo. Waitaliano walijua wanachokifanya. Lakini ina makoo mawili, na ukifunga mbili unapata makoo manne, yaani kila silinda na koo lake, jeti yake kubwa, na jeti yake ndogo ya silensa, yaani ya injini inapozunguka polepole. Ile jeti ndogo ina tundu la nusu milimita hivi. Kwenye jamu, mguu wako hugusa akseleta kidogo tu, kwa hiyo karibu safari yako yote ya mjini unaendesha kwa jeti hizo ndogo. Punje moja ya vumbi inatosha kuziba moja. Hapo silinda moja inakufa, injini inapiga chafya kupitia kabureta, nawe umesimama katikati ya magari ukitafuta bisibisi ili uchomoe jeti, uipulize kwa mdomo na kuirudisha. Mtu wa mashindano ya Jumapili hilo halimsumbui. Wewe unatakiwa kazini saa mbili.

Halafu kuna suala la kulinganisha. Kabureta mbili lazima zifunguke pamoja, kwa kipimo kimoja, tangu mguu unapogusa akseleta hadi unapofika chini. Injini ikipata joto inatanuka, kabureta zinaachana kidogo, na zile fito zinazoziunganisha hubadilika kipimo. Ulilinganisha asubuhi injini ikiwa baridi, mchana upande mmoja unavuta kuliko mwingine. Kuna kifaa cha kupimia hewa inayovutwa na kila koo, na asiyekuwa nacho, au fundi asiyekitumia, hana haki ya kufunga kabureta mbili. Kusikiliza kwa sikio peke yake hakutoshi.

Wapo wanaotafuta njia ya katikati: ile Weber 32/36, moja tu, yenye makoo mawili yanayofunguka kwa zamu, inayokaa katikati palepale pa Solex. Kwenye karatasi inavutia. Kwenye Beetle siipendi. Manifoldi yake ni ndefu, na mara nyingi hufungwa bila kupashwa joto vizuri, kwa hiyo petroli hugeuka matone kabla ya kufika kwenye silinda, nyingine zikapata nyingi na nyingine kidogo. Ukikaa Limuru utaijua asubuhi ya Julai.

Sasa nirudi kwenye Solex, kwa maana huku ndiko kwenye kazi. Injini ya 1300 ya miaka ya 1960 ilikuja na 30 PICT, na 1600 ya kuanzia 1971 ilikuja na 34 PICT-3. Ukiambiwa Solex yako "imekufa", usikubali haraka. Vua kisafisha hewa, shika kile kijiti kinachovutwa na waya wa akseleta, ukitikise juu na chini. Kikicheza, mhimili wa bataflai umelika kwenye tundu lake, na hewa inaingia pembeni bila kupita kwenye jeti. Hiyo ndiyo silensa inayopanda na kushuka ambayo mafundi watatu wameshindwa kuitibu kwa kuzungusha skrubu. Dawa yake ni fundi mkereza vyuma: anapanua tundu, anaingiza bushi mpya ya shaba, mhimili unakaa sawa. Weka na gasketi mpya, daiframu mpya ya pampu ya akseleta, sindano mpya ya floti. Mwili wa zamani wa kiwandani ukitengenezwa hivyo ni bora kuliko nakala nyingi mpya za bei rahisi ambazo ndani yake zimetobolewa ovyo.

Angalia pia lile bomba jembamba linalopita chini ya manifoldi. Kazi yake ni kupitisha moshi wa moto ili kupasha sehemu iliyo chini ya kabureta. Likizibwa na masizi, manifoldi hubaki baridi, na asubuhi yenye unyevunyevu utaona umande mweupe, barafu kabisa, umeganda chini ya kabureta huku injini ikiwaka. Gari linasita, mwenye gari anailaumu Solex, analinunulia Weber. Kumbe tatizo lilikuwa bomba la masizi. Zibua kwanza.

Na distribyuta. Wengi wameng'oa ile ya kiwandani wakafunga Bosch 009, kwa kuwa ni rahisi na haina mrija wa vakyumu. Solex 34 ilitengenezwa ifanye kazi na distribyuta inayosogeza taimingi mara tu mguu unapogusa akseleta, kwa kuvutwa na vakyumu ya kabureta. Ile 009 husubiri mpaka injini ikimbie. Katikati hapo gari linabaki kama limeshikwa kola, na ni mahali pabaya mno pa kushikwa ukiwa unaingia barabara kuu mbele ya lori. Rudisha distribyuta ya vakyumu. Kwa wengi wenu hilo peke yake litamaliza malalamiko yote mliyokuwa mkitaka kuyamaliza kwa Weber. Skrubu ya silensa ya 34 nayo ni ile kubwa ya ubavuni. Usiguse ile ya bataflai kupandisha silensa, maana ukiisogeza unaharibu mpangilio wa matundu madogo na ile vakyumu niliyoitaja.

Linalonitia hofu zaidi ni jeti na mwinuko. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Kabureta iliyopangwa kwa nchi tambarare ikifika Nairobi hutoa mafuta mengi kidogo kuliko inavyotakiwa. Plagi zinaweka masizi, gari linakunywa. Fundi mjuaji anapunguza jeti kubwa, pengine kutoka 127.5, yaani tundu la milimita 1.275, anashuka ngazi moja au mbili. Gari linachangamka, wote mnafurahi. Inafika Desemba, mnapakia watoto na mizigo, mnateremka Mombasa. Kila kilomita mnayoshuka hewa inazidi kuwa nzito, na jeti ni ile ile ndogo ya Nairobi. Mkifika tambarare za Voi, jua la saa saba, mguu uko chini muda mrefu, injini inapata hewa nyingi na mafuta machache. Haitapiga kelele wala kutoa moshi. Tena itakuwa tamu, kwa sababu injini yenye mafuta machache hukimbia vizuri mpaka pale valvu inapokatika.

Uamuzi wangu hapa ni mmoja: acha jeti inayoifaa pwani, ukubali hasara ya petroli kidogo Nairobi. Ukishindwa kabisa, basi beba jeti ya pili na uibadilishe kabla ya kuteremka. Kwenye Solex iko nyuma ya kifuniko cha skrubu kwenye bakuli la petroli, na bisibisi ndefu inaifikia. Kisha chomoa plagi baada ya mwendo mrefu usome rangi. Ya hudhurungi ni salama. Nyeupe kama chaki ni ya kusimamisha safari.

Sitaki ufikiri kwamba nakukataza milele. Ukijenga injini ya 1776, pistoni za milimita 90.5, kemshafti nyingine na ekzosi inayopumua, hapo koo moja la Solex litakuwa limezidiwa, na kabureta mbili ni haki yake. Anza na zile za koo moja moja, Weber 34 ICT au Kadron za Brazili, kwa kuwa zina jeti chache za kusafisha na ni rahisi kulinganisha. Tafuta visafisha hewa virefu vya maana. Kile cha asili cha oili kilikuwa kinakamata vumbi jekundu la murram vizuri mno, na ukikivua ili uweke visponji vidogo vya mapambo, pistoni na silinda zako ndizo zitakazokula mchanga. Usifunge pampu ya umeme yenye nguvu bila kidhibiti, maana petroli itaishinda sindano ya floti na kuteremka kwenye oili. Nusa kijiti cha oili mara kwa mara.

Lakini kwa injini ya kiwandani, kumbukeni gari lililoshinda East African Safari ya 1962: Volkswagen yenye injini ya 1200. Kwa nguvu, magari mengi yalilizidi. Lilikuwa linafika.

Neno la mwisho halihusu aina ya kabureta, linazihusu zote. Petroli huingia kwenye Solex kupitia kijimrija cha shaba kilichogongelewa tu kwenye kifuniko cha juu. Miaka ikipita kinalegea, mtikisiko unakichomoa, na pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya distribyuta yenye cheche. Kizimba cha injini hiyo kina magnesi nyingi, na ikishashika moto, maji huuzidisha. Nimeona Beetle nzuri ikibaki bati jeusi kando ya barabara kabla mwenyewe hajamaliza kuita watu. Kwa hiyo leo jioni, gari likiwa limepoa, fungua nyuma, ushike kile kijimrija kwa vidole na ukizungushe. Kikizunguka, gari lisitoke hadi fundi akiwekee cha kufungwa kwa hesi. Mipira yote ya petroli, toka tanki mpaka kabureta, nunua mipya na klipu zake. Filta ya petroli iondoe juu ya injini, uiweke chini karibu na gia boksi. Na mtungi wa unga wa kuzimia moto ufungwe karibu na kiti cha dereva, mkono unapofika. Fanya hayo kwanza, mwanangu, kisha ndipo uje tuzungumze habari za Weber.