Wizi wa Mapeasi

Augustino alizaliwa mwaka 354 mjini Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Basi mwanafalsafa huyu, ambaye Ulaya ilimfanya mwalimu wake, alikuwa mwana wa Afrika. Alipokuwa na umri wa miaka 16 aliiba mapeasi usiku pamoja na wenziwe. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Baadaye, akiwa askofu wa Hippo, alilichungua kosa hilo katika kitabu chake cha Maungamo, akijiuliza jinsi mtu awezavyo kupenda uovu usio na faida. Aliona kwamba peke yake asingaliiba: alipenda ushirika, akaona haya kuwa mwenye haya kati yao.

Wako wanaocheka kwamba askofu mzima alisumbuliwa na matunda. Sisi wa Nakuru tusicheke. Januari 2008, baada ya uchaguzi, hapa na Naivasha, makundi ya vijana yalichoma nyumba za majirani. Je, kila mmoja wao angalitia moto akiwa peke yake? Yamkini wengi wangejibu la, na wangesema kweli. Augustino alisema vivyo hivyo, wala hakujitoa hatiani; kosa aliliandika kuwa lake, na wenziwe hakuwataja majina.