Chembe Hai ni Mali ya Nani?

Tunapowafundisha vijana kuwa mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai, aghalabu huishia kwenye utando na kiini, tukasahau kuwa kila chembe ina mwenyewe.

Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, madaktari walikata kipande cha uvimbe wa saratani katika mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mama wa watoto watano. Kipande kile kilipelekwa maabara pasipo idhini yake. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alifariki, umri wake miaka 31. Lakini chembe zake, zilizopewa jina la HeLa, ziliendelea kugawanyika hata leo, na zilitumika katika kuijaribu chanjo ya polio. Jamaa zake hawakupata habari hadi miaka ya 1970.

Yuko atakayesema: wengi wameokoka, kosa li wapi? Sisi hatuikani faida hiyo. Lakini kama angeombwa akakubali, faida ingalikuwa ile ile. Basi faida haiwezi kuwa udhuru wa kutoomba. Na kama angekataa? Hapo ndipo ilipo maana ya kuomba, kwani aombaye kwa haki huwa tayari kunyimwa.

Basi, walimu wenzetu, mwanafunzi ainamapo juu ya hadubini, tumwulize pia: chembe hii ni ya nani, naye aliombwa?