Binti wa Abrahamu Aliyeinama Miaka 18

Mtakatifu Luka, katika sura ya 13 ya Enjili yake, asimulia habari za mwanamke ambaye mgongo wake ulikuwa umepindika muda wa miaka 18, wala hakuweza kabisa kujinyosha. Siku ya Sabato alikuwamo katika sinagogi pamoja na wengine. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: mwanamke huyo hakuomba kitu. Hakupaza sauti kama yule kipofu wa Yeriko, wala hakuletwa na rafiki zake kama yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu. Alikaa kimya mahali pake. Labda alikwisha kuchoka kusema. Labda watu walikwisha kuchoka kumsikia. Yezu mwenyewe ndiye aliyemwona, akamwita, akamwekea mikono, na papo hapo akasimama wima, akamtukuza Mungu.

Mkubwa wa sinagogi akakasirika. Kwake yeye kuponya ni kazi, na kazi ina siku zake sita. Naye Bwana akawauliza kama yupo kati yao asiyemfungua ng'ombe wake au punda wake siku ya Sabato, ampeleke kunywa maji. Mnyama hufunguliwa kwa ajili ya kiu ya siku moja, na binti wa Abrahamu, aliyefungwa miaka 18, aambiwe angoje kesho?

Neno hilo la mnyama na maji lina uzito wake katika mji wa Goma. Mji huu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima ambao moto wake uliingia katikati ya mji mwezi wa Januari 2002, na mwezi wa Mei 2021 ukasimama ukingoni mwake. Kuchimba kisima katika mwamba huo ni taabu kubwa, na mabomba ya maji hayafiki kila nyumba. Ndiyo sababu wanawake na wasichana huonekana alfajiri wakipanda kutoka ziwa Kivu na mabidoni mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Maji ya bidoni moja la lita 20 yana uzito wa kilo 20, bila kulihesabu bidoni lenyewe. Na huyo alichukuaye pengine ana mimba, au amejifungua juzi tu.

Mfikirie mama mmoja wa namna hiyo, wa Ndosho au wa Mugunga, asiyetajwa jina kwa kuwa walio kama yeye ni wengi. Baada ya kuzaa mtoto wa tatu, maumivu yalimshika kiunoni. Akamwambia mumewe, «Baba watoto, mgongo unaniuma.» Mume akamnunulia vidonge. Mwezi wa pili akasema tena, na wa tatu. Mwezi wa sita mume akajibu, «Kila siku mgongo! Mama yangu alizaa watoto tisa, wala hakuna aliyemsikia akilia.» Jirani mmoja akanong'ona kwamba ni uvivu; mwingine kwamba amelogwa, afunge chakula siku saba aombewe. Basi yule mama akanyamaza. Siku ya Jumapili, kengele ya mageuzo inapolia na watu wote wanapopiga magoti, yeye hubaki ameketi, nao wa karibu humtazama kwa pembeni na kudhani ni kiburi.

Je, huyo asema kweli? Madaktari hujibu kwamba ndiyo. Maumivu yanayokaa, au yanayorudi-rudi, kupita miezi mitatu huitwa maumivu sugu, nayo yahesabiwa kuwa ugonjwa unaostahili kutibiwa. Mishipa ya fahamu ni kama kengele ya misioni inayopigwa kwa sababu ya moto. Yatokea kwamba moto umezimwa, nayo kengele haiachi kulia. Mwenye kuisikia hakubuni kitu. Kengele yalia kweli kweli. Kwa hiyo haifai kumwambia mama, «Hospitali imetazama, haikuona kidonda, basi huumwi.»

Tena kuna maumivu ambayo wanawake peke yao huyajua. Upo ugonjwa uitwao endometriozi, ambao ndani yake nyama inayofanana na ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi huota nje ya mahali pake, ikaleta uchungu mkali hasa siku za mwezi. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba wanawake 10 hivi katika kila 100 wa umri wa kuzaa wanao, na wengi hungoja miaka kabla ya kuambiwa jina lake. Katika shule za msingi msichana huinamia meza yake kwa uchungu, na mwalimu amwita mzembe. Akifika nyumbani, mama yake amwambia ndiyo desturi ya wanawake. Uchungu unaomzuia mtoto kusimama na kusoma kila mwezi si desturi.

Liko pia neno ambalo Kivu yote yalijua na haipendi kulitaja. Katika vita vya miaka hii mingi wanawake wengi walitendewa jeuri katika miili yao, na baada ya jeraha kupona, maumivu ya tumbo na ya kiuno yamebaki. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, na ile ya HEAL Africa mjini Goma, zimewapokea wengi wa hao. Wengine hawakwenda popote, kwa haya. Wengine walilala miezi mingi juu ya mawe makali katika kambi za Kanyaruchinya na Bulengo, hata mapigano ya Januari 2025 yalipoingia mjini nao wakalazimika kuondoka, mizigo kichwani.

Wapo Wakristo wema wanaosema: ni msalaba wake, auchukue. Neno hilo ni takatifu akilisema mgonjwa mwenyewe. Likisemwa na mtu mzima wa afya juu ya mwenzake, ni afadhali anyamaze. Kweli Yezu alikataa divai yenye manemane aliyopewa Golgota, lakini hakuna mgonjwa hata mmoja aliyemwendea naye akamfukuza ili abaki na uchungu wake. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio wa 12 aliwajibu madaktari wenye kazi ya kuwatia wagonjwa usingizi, akafundisha kwamba ni halali kutuliza maumivu, wala Mkristo hafungwi kuyataka kwa ajili ya maumivu yenyewe. Na Papa Yohane Paulo wa 2, alipoandika barua yake juu ya mateso mwaka 1984, aliimaliza kwa habari za Msamaria mwema, yule aliyetia mafuta na divai katika majeraha.

Mtakatifu Marko ataja mwanamke mwingine, aliyetokwa na damu miaka 12, aliyetumia mali yake yote kwa waganga bila kupata nafuu. Yezu alikuwa njiani kwenda kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa mahututi, na kila dakika ilikuwa ya thamani. Hata hivyo akasimama. Akamwacha mwanamke aseme yote, mbele ya watu, mpaka mwisho.

Kazi hiyo ya kusikiliza yaweza kufanywa na mume yeyote. Amwulize mkewe uchungu ulianza lini, wapi, wazidi wakati gani. Mtoto anayejua kuandika aandike siku zake katika daftari, mama alichukue kituo cha afya. Vidonge vya sokoni, kama ibuprofeni na diklofenaki, vikimezwa kila siku huumiza tumbo na figo. Nafuu haiji papo hapo kama katika sinagogi: pengine ni mazoezi ya viungo, pengine dawa ya mishipa, pengine upasuaji, na mara nyingi uchungu hupungua tu bila kwisha. Na siku anapokwenda kwa daktari, na siku zinazofuata, mume au mwana wa kiume alichukue lile bidoni, ashuke ziwani.