Hofu Isifike Mezani Kwetu

Masomo: Waamuzi 12:5-6, Nehemia 13:23-24, 2 Timotheo 1:5



Kwenye vivuko vya Yordani, watu wa Gileadi waliwapima wakimbizi wa Efraimu kwa neno moja: Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka aliuawa. Sisi wa Johannesburg tunaielewa habari hiyo. Mwezi wa Mei 2008 watu walisimamishwa njiani wakaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Aliyeshindwa kusema "indololwane" alihesabiwa mgeni, akapigwa.

Ndiyo maana hapa Troyeville, tukipanda teksi, tunamshika mtoto mkono na kumnong'oneza, "Nyamaza, usiseme Kiswahili." Simlaumu mtu, hata mimi nimefanya hivyo. Lakini mtoto hajui kwamba tunaogopa. Anadhani tunaona aibu. Akifika nyumbani anaendelea kunyamaza.

Mama mmoja alinisimulia hivi. Bibi alipiga simu kutoka Uvira ili amwombee mjukuu wake kabla ya mtihani. Akaomba muda mrefu, kwa machozi. Simu ilipokatika, mtoto akauliza kwa Kiingereza, "Mama, bibi alikuwa anasema nini?"

Nehemia aliyaona hayo kwa watoto waliojua Kiashdodi lakini lugha ya Wayahudi ikawashinda. Kwa hasira akawang'oa baba zao nywele! Sisi hatutamng'oa mtu nywele, ila tusikie uchungu wake.

Je, tuwakataze watoto Kizulu? Hasha. Danieli alijifunza lugha ya Wakaldayo, wala hakuacha kumwomba Mungu wake. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, lakini imani aliipokea kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kizulu na Kiingereza ni vya shule, kazi na kumpenda jirani. Tujifunze vizuri, hata sisi wazazi. Lugha ya nyumbani ndiyo inayompa mtoto baraka za bibi yake.

Basi juma hili, sala ya chakula iwe kwa Kiswahili, Kibembe, Mashi, au lugha yoyote mliyonyonya nayo. Kama baba na mama wana lugha mbili, kila mmoja aseme na mtoto yake. Mtoto akikosea, asichekwe. Na Jumapili ijayo mpigieni bibi simu. Safari hii, mtoto ndiye amwombee.

Bwana azibariki nyumba zenu. Amina.