Mchezo na Bomu

Je, ni kosa mtoto kucheza na mfano wa silaha? Wakati wa vita vya Vietnam, Wamarekani waliunda bunduki ya kurushia mabomu iitwayo China Lake. Zilikuwa chache mno, hazikufika mia, na askari wengi hawakuiona kamwe. Lakini mwaka 2010 iliingizwa katika mchezo wa Call of Duty: Black Ops, na leo hata kijana wa Kayanga au Nkwenda aweza kuitazama katika simu na kuijua kwa jina.

Sasa tutazame karibu. Katika Ngara, wilaya inayopakana na Karagwe, tarehe 8 Novemba 2017 bomu la mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga. Lilikuwa limeokotwa likidhaniwa kuwa chuma chakavu. Wanafunzi 5 walifariki.

Mchezo wenyewe si dhambi. Kosa ni kuuacha uwe mwalimu peke yake. Katika mchezo aliyeuawa huinuka tena; Kihinga hawakuinuka. Basi wazazi, wa Karagwe na Kyerwa mpakani na wa nchi nzima, yatupasa kuwafundisha watoto wetu: chuma usichokijua usikiguse, mwite mkubwa.